Oderigo wa Sindano Mbili, Aliyenyang'anywa Jina Lake

Wekeni sindano chini, enyi watu wa ngozi, na wewe wa cherehani ondoa mguu, kwa maana habari hii haisimuliwi kwa mtu ambaye mikono yake ina shughuli. Ni habari ya zama zile ambapo farasi alikuwa bado mfalme wa njia, gari la moto lilikuwa uvumi tu uliosikika ng'ambo ya milima, na mtu akitaka kujua utajiri wa mwenziwe hakuuliza ana nini bali aliuliza amekalia tandiko la nani. Ni habari ya nchi ya Italia, bonde la mto Sermana, mji wa Borgosecco, ambako watu walizaliwa, wakaoana na wakazikwa wakinukia magome ya miti na ngozi mbichi, wala hakuna aliyeona haya kwa harufu hiyo kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nyingine.

Huko aliishi Gherardo, ambaye alichimba kando ya mto shimo la kwanza la kuivishia ngozi. Gherardo akamzaa Bastiano, aliyekuwa akipitisha kiganja juu ya ngozi iliyokauka na kusema ng'ombe huyu alilishwa mahali pema, na huyu alipigwa sana na mwenyewe, na hakukosea. Bastiano akamzaa Oderigo: Oderigo wa Sindano Mbili, Kidole-Gumba cha Pembe, Mkata Mara Moja, Adui wa Gundi. Wapo wasemao kwamba alizaliwa na sindano mkononi, na huo ni uongo wa watu wapendao kusifu bila kumfikiria mama. Lililo kweli ni kwamba alipotimiza miaka kumi na minane aliweza kubeba peke yake ngozi ya fahali iliyolowa, mzigo wa wanaume wanne, kutoka mtoni hadi darini, ngazi sitini na mbili, asitue njiani.

Sasa jueni desturi ya bonde hilo. Mahali pengine fundi wa matandiko hushona peke yake. Borgosecco walishona wawiliwawili. Kati yao lilisimama koleo la mbao linaloibana ngozi. Huyu ana sindano yake na yule ana yake, uzi ni mmoja na tundu ni moja, ya huyu ikienda ya yule inarudi, na kila mmoja huvuta kwa nguvu ileile ya mwenziwe, kwani anayezidisha huukunja mshono na anayepunguza humwaibisha aliye mbele yake. Wazee wa mji ule walikuwa hata wakiposesha kwa koleo. Kijana na msichana waliketishwa wakashona mkanda wa shubiri tatu mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Mshono ukisimama sawa, ndoa imepita, ukienda upande, kila mtu na arudi kwao akale chakula chake.

Oderigo aliketishwa mara tatu na wasichana watatu, na mara tatu aliuharibu mshono kwa nguvu zake. Wa nne alikuwa Zelinda, binti wa mshona hatamu, msichana mwembamba mwenye mikono mirefu, ambaye baada ya tundu la tano aliacha kuvuta, akamtazama usoni, akasema, "Bwana, hatuvuti kamba. Tunashona." Wazee wakacheka, Oderigo akaona haya, akalegeza mkono, na ule mkanda ulipotolewa kwenye koleo ulikuwa umenyooka kuliko mkanda wowote uliokuwa umewahi kushonwa mjini hapo. Wakaoana. Miaka tisa waliketi wakitazamana kuvuka koleo, hawakujaliwa mtoto, na hawakusema sana, maana watu wanaoshona uzi mmoja hupeana habari kwa uzi. Oderigo alikuwa na furaha siku zile. Naitaja mapema kwa sababu haitarudi.

Ndipo ikaja masika ambayo Borgosecco haijaisahau. Mto Sermana ulifura ukavunja daraja katikati ya asubuhi ya siku ya gulio, ukakizunguka kinu kilichokuwa ng'ambo, na juu ya paa la kinu hicho wakakwama watu thelathini na mmoja, wenyeji na wasafiri, huku maji yakipanda ukuta jiwe baada ya jiwe. Mji mzima haukuwa na kamba ya kufika kule. Waliunga kamba za visima, zikakatika. Waliunga mashuka, yakakatika. Oderigo akaenda shimoni, akatoa ngozi ya fahali mkubwa kuliko wote waliowahi kuchinjwa mwaka ule, akaitandaza chini mbele ya umma, akapiga goti, akashika kisu chake chenye umbo la mwezi mchanga. Akaanzia ukingoni, upana wa kidole, akakata akizunguka ngozi ile kuelekea ndani, mzunguko juu ya mzunguko, bila kunyanyua kisu na bila kuvuta pumzi mara mbili mahali pamoja, hata ngozi yote ikawa ukanda mmoja usio na kiungo. Akafanya hivyo kwa ngozi ya pili, na ukanda ule akausokota na wa kwanza. Akajifunga ncha moja kiunoni, akaingia mtoni.

Ncha ya pili ilifungwa kwenye mti, na mti huo ukang'oka. Aliyeidaka ncha hiyo alikuwa Zelinda. Akajizungushia mara tatu kiunoni, akatia miguu yake kati ya mawe, maji ya theluji yakimfika kifuani, na nyuma yake watu wakamshika nguo na mabega. Lakini ukanda ulikuwa juu yake, naye ndiye aliyejua avute kiasi gani na alegeze kiasi gani, kwa sababu upande wa pili alikuwa Oderigo. Tangu saa tano hadi saa kumi alasiri walisimama hivyo, mmoja ng'ambo hii na mmoja ng'ambo ile, na watu thelathini na mmoja wakapita kati yao wakiushikilia ukanda. Hakupotea hata mmoja. Siku ya tisa baadaye Zelinda akafa kwa kichomi. Akazikwa na mji mzima ukilia, na Oderigo hakulia, jambo ambalo watu wa mji ule walilizungumza vibaya kwa muda mrefu, kama wanadamu wazungumzavyo.

Miongoni mwa waliookolewa alikuwamo mjane tajiri wa Milano, Bibi Ortensia, aliyekuwa akipita tu njiani. Huyo akaja kununua ukanda, autundike ukutani kwake. Oderigo akamwambia neno ambalo mafundi wa kule hulikariri hadi leo: "Kilichobeba watu hakitundikwi. Kitabeba tena." Hakuweza kuutazama ukanda ule ndani ya nyumba yake, na hakuweza kuutupa. Akaufanya vishikio vya mkoba alioushona kwa ngozi moja, akampa bibi yule, asipokee hata ujira wake. Mkoba ukaenda Milano, ukapita karamuni, ukaonekana kanisani, na kabla mwaka haujaisha magari ya farasi yalikuwa yamejipanga Borgosecco yakiuliza nyumba ya fundi. Chema chajiuza. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Nyumba ya Oderigo, ambayo wanawake wa miji mikuu ya dunia wanaijua, na hawajui kwamba ilizaliwa katika juma la matanga.

Tangu hapo Oderigo alishona peke yake. Kwa mkono wa kuume alishika sindano yake, kwa mkono wa kushoto alishika ya mkewe, na mikono hiyo miwili ikaongea juu ya koleo kama watu wawili. Kiti cha mbele yake kilibaki, na hakuna aliyekikalia. Watu walitoka mbali kuja kumtazama, wakasema hii ni ajabu, mtu mmoja anashona mshono wa wawili na haupindi. Naye alisikia wakisema ni nguvu. Haikuwa nguvu. Ilikuwa upweke, nao pia hufanya kazi.

Alipoajiri mafundi, arobaini na kisha mia, aliwawekea sheria moja: mkoba mmoja, fundi mmoja, tangu kukata hadi kufunga uzi. Kila jioni alipita mezani akipitisha kidole-gumba kwenye kila mshono, amefumba macho, na palipo na kosa la tundu moja alitoa kisu chake akaupasua mkoba vipande viwili. Mafundi walimwogopa na walimpenda. Uliopita chini ya kidole chake ulipata muhuri: chuma chenye jina ODERIGO, kilichopashwa moto na kugandamizwa ndani ya mkoba, mahali ambapo mwenye mkoba pekee angeona. Na kuhusu muhuri bonde lile lilikuwa na desturi kongwe, ambayo ndiyo iliyomponza. Kule, chuma ndicho jina. Baba akifa humtia mwana chuma kiganjani mbele ya watu, na kuanzia saa hiyo alama ni ya mwana. Aliyekishika ndiye mwenyewe, na asiye nacho hana kitu. Oderigo alikitembeza chuma chake mfukoni, akalala nacho, na kwa kuwa hakuwa na mwana, aliogopa siku atakayofumba macho bila kiganja cha kukitia. Hiyo ndiyo hofu aliyokuwa nayo, na ni hiyo tu: kwamba jina lake litaishia kwake.

Ndipo akaja Lamberto, mwana wa marehemu ndugu yake, kijana wa miaka ishirini na mitatu, msomi wa biashara, mwenye maneno laini na viatu safi. Msimfanyie haraka ya kumchukia. Alimpenda ami yake, na alikuwa mtu pekee mjini aliyethubutu kumtaja Zelinda mezani, kwa kuwa Zelinda ndiye aliyemfundisha kutembea. Oderigo alimsikiliza akimtaja, na moyo wake ukafunguka upande ule. Akasema moyoni, kiganja nimekipata.

Lamberto aliifikisha Nyumba hata kwenye miji ambayo Oderigo hakuwahi kuisikia. Lakini kila alipopeleka ahadi ya mikoba elfu, kidole-gumba cha ami yake kilimpitishia mia sita tu. "Ami," alimwambia siku moja, "wateja hawashiki mshono kwa macho yaliyofumbwa." Oderigo akamjibu, "Mimi nashona kwa ajili ya atakayeshika." Basi Lamberto akawaita mabwana wa Milano, watu wenye mali, wakaja na karatasi nene kama Biblia. Wakaiweka mezani, wakasema ni ya kuikuza Nyumba, na aweke sahihi.

Hapa ndipo shujaa alipofanya kosa, na lilikuwa kosa la mtu wa ngozi. Hakuisoma karatasi. Aliinyoosha juu ya meza kama anyooshavyo ngozi kabla ya kukata, akafumba macho, akapitisha kidole-gumba tangu juu hadi chini, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta kovu, tundu la kupe, alama ya waya. Ilikuwa laini. Akatia mkono mfukoni akakuta chuma chake kimo, akatabasamu, kwa sababu kwa desturi ya kwao hakuna karatasi inayoweza kumnyang'anya mtu jina lake akiwa amelishika. Akasema, "Haina kovu," akaweka sahihi. Lamberto alikuwa amesimama nyuma yake, na alijua kilichoandikwa, na hakusema. Alijiambia kwamba ni kwa faida ya wote. Na pengine alikuwa mkweli, maana msaliti naye huhitaji usingizi.

Ikapita miaka mitatu. Asubuhi moja Oderigo aliingia ghala lililojengwa karibu na reli, ambalo alikuwa haliendei, akakuta mikoba mia nane tayari kwa safari, inang'aa. Akachukua mmoja, akafumba macho. Uzi ulikuwa wa mapambo tu. Chini yake ngozi ilikuwa imebandikwa kwa gundi, na chini ya ngozi mlikuwa na ubao mwembamba wa karatasi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Akafungua ndani, na pale pale mahali pake akaona ODERIGO, imegandamizwa vizuri. Akajipapasa mfukoni. Chuma kilikuwamo.

"Hiki kimepigwa na nini?" akauliza.

Lamberto akasema, "Na mashine, ami. Mashine ina chuma chake."

"Chuma changu ninacho mimi."

"Unacho, ami. Lakini jina halimo ndani ya chuma. Limo ndani ya karatasi uliyoweka sahihi."

Oderigo akatoa kisu. Watu wote wa ghala wakarudi nyuma, na Lamberto akafumba macho kwa kuwa alidhani ni zamu yake. Lakini yule mzee alianza na mkoba uliokuwa mkononi, akaupasua, kisha mwingine, na mwingine, tangu asubuhi hadi mafundi walipotoka kwenda kula, mikoba mia nane, mkono wake usichoke. Naye alikuwa na miaka sitini na moja. Hilo lilikuwa tendo lake la mwisho ndani ya Nyumba yake.

Mabwana wa Milano wakampeleka mahakamani. Oderigo hakuchukua wakili; alichukua chuma, akakiweka mezani kwa hakimu, akasema, "Mimi ndiye." Hakimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisoma karatasi yote tangu mwanzo, akakigeuzageuza chuma kile, akamrudishia, na hukumu yake ilikuwa fupi: "Chuma hiki ni chako, nenda nacho. Jina ndilo lisilo lako. Kuanzia leo hutaliandika juu ya kitu chochote utakachokitengeneza kwa mikono yako, kwa sababu lina mwenyewe." Na Oderigo, aliyekuwa mtu wa kutii hukumu kuliko hukumu yenyewe ilivyotaka, akajibu, "Basi wasinione nalo tena. Sitaliandika, na sitaitika." Akatoka, akapita juu ya daraja jipya, akakitupa chuma mtoni, akaendelea kutembea kuelekea milimani bila kugeuka. Lamberto alimfuata hadi mwisho wa daraja, akasimama. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini siku hiyo aliyeonekana kuliwa zaidi alikuwa Lamberto.

Oderigo alitembea siku nne, hata akafika Roccamuta, kijiji cha wachungaji chenye nyumba ishirini na theluji ya miezi sita, mahali ambapo ngozi zilikuwa nyingi na mafundi hawakuwapo. Wakamwuliza jina. Akasema, "Niiteni fundi." Wakampa kibanda kilichokuwa cha kukaushia jibini. Miaka kumi na saba aliwatengenezea mikanda ya kengele za mbuzi, viatu, matandiko ya punda, viriba vya maji, kila kimoja kwa sindano mbili, na hakikuwa na alama yoyote. Mchungaji wa Roccamuta alimfunga punda wake kwa hatamu ambayo malkia angeitamani, na hakujua, au tuseme hakujionyesha kujua. Walimletea maziwa, walimwita karamuni, naye alikuja, akakaa karibu na mlango, akaondoka mapema. Hakuwa na mtu wa kumwita kwa jina. Mtu akiishi miaka kumi na saba bila kuitwa kwa jina alilopewa na mama yake, huanza kusahau sauti ya mama huyo, na Oderigo aliisahau, akajua kwamba ameisahau, na usiku na mchana hilo lilimuuma kuliko kuipoteza Nyumba.

Mwaka wa kumi na mbili Lamberto alipanda mlima. Alikuja kwa miguu sehemu ya mwisho, ameota mvi, viatu vimeharibika, akasimama mlangoni pa kibanda.

"Ami," akasema, "Nyumba ina jina lakini haina mkono. Rudi, na nitakusimamisha mbele ya watu wote nikuite ulivyokuwa ukiitwa."

Oderigo akamkaribisha, akamkatia jibini na mkate, wakala. Kisha akasema, "Ngozi huvutwa ikiwa mbichi, mwanangu. Hii imeshakauka. Ukiivuta sasa utaipasua." Hakumlaani, na hakumwambia amemsamehe. Lamberto akalia, akaondoka kabla jua halijashuka. Oderigo akasimama mlangoni akimtazama hadi mgongo wake ulipopotea kwenye kona ya njia, kisha akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mto naye akalia, kwa sababu aliyekuwa anateremka mlima ule ndiye mtu wa mwisho duniani aliyemkumbuka Zelinda.

Sasa ikaja baridi ya mwaka wa kumi na saba, na theluji ikafunga njia. Roccamuta alikuwapo mwanamke aitwaye Assunta, mke wa mchungaji Gino, mwenye mimba yake ya kwanza, na uchungu ulipomjia mtoto alikuwa amelala vibaya. Mkunga wa kijiji, mwanamke asiyependa kupoteza maneno, akaosha mikono akasema, "Daktari wa bondeni, au jeneza." Punda hawakuweza kupita. Ubao wa kumbebea ungemtupa kwenye mteremko. Gino akaenda kibandani asijue atamwomba nini mzee wa miaka sabini na minane, akamkuta tayari ametandaza ngozi mbili chini.

Ilikuwa asubuhi. Kabla ya adhuhuri Oderigo alikuwa amekata na kushona machela ya ngozi ambayo ilimfunika yule mwanamke kama ganda linavyofunika njugu, asidondoke hata wakiinama. Mshono wake ulikuwa mrefu kuliko watu watatu, na aliushona kwa mikono miwili bila kupumzika, vidole vikivuja damu. Vijana wanne wakashika nyuma na kati. Mbele palihitaji mtu wa kuishika mizani, asivute zaidi na asilegeze. Akajivika ukanda wa machela kifuani yeye mwenyewe. Gino akasema, "Fundi, umri wako." Oderigo akasema, "Umri hauteremki mlima. Miguu ndiyo inayoteremka." Wakaanza kushuka saa sita mchana, theluji ikiwafika magotini, na wale vijana wanne walisimulia baadaye kwamba waliteleza mara nyingi, na kila walipoteleza waliuhisi ukanda wa mbele umekaza kiasi kilekile cha kuwasimamisha, wala hakuwahi kugeuka kuuliza. Jua likiwa bado liko, wakafika kwa daktari. Assunta akajifungua salama mtoto wa kike.

Wakamwita Oderigo chumbani. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, akitaka kuondoka.

"Fundi," Assunta akasema kutoka kitandani, "mtoto huyu tunampa jina lako."

Oderigo akatikisa kichwa. "Sina," akasema. "Langu walilichukua. Mahakama ilitoa hukumu."

"Walichukua la kuandika kwenye mikoba," akasema Assunta. "La kuita mtoto, nani wa kunikataza?"

"Hulijui."

"Tunalijua wote. Tangu mwaka wa kwanza. Muuza chumvi alitusomea gazetini. Tulinyamaza kwa sababu tuliona hutaki kuitwa." Akamgeuza mtoto aelekee mlangoni. "Oderigo," akasema. "Huyu ni Oderigo."

Padri aliyekuwa amekuja na mafuta yake ya kuwapaka wanaokufa, endapo yangehitajika, akakohoa, akasema jina hilo ni la kiume, na kwa mtoto wa kike ingefaa kubadili herufi ya mwisho. Assunta akamjibu, "Padri, jina hili limeshanyanyaswa vya kutosha. Litakaa lilivyo."

Yule mzee akasogea. Aliweka kidole-gumba chake kilichochanika kwenye paji la mtoto, akafumba macho, akakipitisha polepole hadi kidevuni. Kisha akasema "Oderigo" kwa sauti, mara moja, na wote waliokuwamo walisema kwamba hawakujua kama alikuwa anamwita mtoto au anaitika yeye. Akavaa kofia yake. Wakamsihi alale pale. Akasema jibini lake liko karibu na moto na litaharibika. Akatoka mchana bado ukiwa mweupe, wakamwona akipanda njia ya mlima kwa mwendo wa mtu ambaye hana haraka wala mzigo, na theluji ikaanza kuanguka tena kati yao naye.

Hakufika kibandani. Roccamuta yote ilitoka kumtafuta, na theluji ilipoyeyuka wakamtafuta tena, kila bonde na kila pango, na hawakupata kofia, wala kiatu, wala mfupa. Hana kaburi. Wapo wanaosema alishuka kwa upande wa pili wa mlima hadi mtoni. Mimi sisemi, maana sikuwapo, na aliyekuwapo alikuwa peke yake.

Nyumba ya Oderigo ingali Milano, enyi watu wa ngozi, na milango yake ni ya vioo kutoka chini hadi juu, na jina limeandikwa juu ya kila mlango, juu ya kila kifungo, hata juu ya karatasi ya kufungia. Na ndani ya nyumba yote hiyo hakuna hata mtu mmoja anayeitwa hivyo. Huko Roccamuta jina hilo halijaandikwa popote. Lakini kila nyumba ililitia kwenye uzao wake, wa kiume na wa kike, bila kubadili herufi, na mama wa kule akitoka mlangoni wakati wa chakula akaita "Oderigo", huitikia mlima mzima.